Mavyaa anakaa nasi mezani, lakini hali

SWALI

Assalaam aleikum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi na mume wangu South C, hapa Nairobi. Asili yetu sote wawili ni Mombasa. Mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia, tuna desturi ya kwenda sote kununua vitu vya nyumba katika supamaketi moja kubwa. Tukishalipa, tunapanda juu kwenye ukumbi wa vyakula, watoto wale wanachotaka. Zamani ilikuwa kuku na chipsi. Siku hizi ni chakula cha Kikorea, tangu binti yangu mkubwa azame katika tamthilia za Wakorea. Ana miaka 16. Amejifunza mwenyewe kusoma herufi zao kwa simu, na yeye ndiye anayetuagizia sote: bibimbap, ule wali unaoletwa na mboga za rangi rangi na yai juu yake, ukauchanganya mwenyewe na pilipili yao nzito, kimbap, wali uliovingirishwa ndani ya mwani kisha ukakatwa vipande, tteokbokki, vile vinofu vya unga wa mchele ndani ya rojo jekundu, na kimchi kando. Wadogo zake walianza kwa kukunja nyuso, sasa wanagombania kipande cha mwisho.

Mshauri, nilikuwa naipenda sana saa ile. Nyumbani kila mtu ana simu yake na pembe yake. Pale binti yangu hutueleza hiki kinaliwaje na kile kimetiwa nini, babake anamsikiliza, wadogo zake wanashindana kushika vijiti. Ilikuwa ni saa yetu.

Mwaka jana baba mkwe alifariki. Mavyaa alipomaliza eda yake kule Kibokoni, mume wangu alimfuata wakaja pamoja kwa treni, maana nyumba ile kubwa alibaki peke yake. Sina baya la kumsema. Tangu niolewe hajanitolea neno la kuniumiza, na nilipojifungua ndiye aliyekuja kuniosha na kunikanda.

Siku ya kwanza tulipokwenda naye ukumbini, aliona kwenye ubao wa picha wa kaunta ile nyama ya nguruwe iliyochomwa. Akaniuliza polepole, "Hapa ndipo mnapokula?" Nikamwambia sisi huagiza mboga, mayai na samaki tu. Mume wangu akamuuliza muuzaji kama vikaango ni vilevile. Yule kijana akajibu "hakuna shida" na kumgeukia mteja mwingine. Mavyaa akanyamaza.

Tangu siku hiyo hali kitu cha kaunta ile. Huja nasi kwa sababu mume wangu humshikilia aje, akakaa na mkoba mapajani, akatoa chupa ya maji na mahamri aliyoyafunga nyumbani. "Mimi nimeshiba, kuleni wanangu." Niliwahi kumnunulia biriani kwenye kaunta nyingine ya Waislamu. Aliigusa kidogo, akaifunika. Mara moja tu aliinama akaitazama sahani ya binti yangu akasema, "Huu si mwani? Sisi tulikuwa tukiukanyaga pwani." Mtoto akasema, "Ndiyo, nyanya," na hapo hapo namba yetu ikaitwa, akainuka kwenda kuchukua chakula.

Mwezi uliopita, tukirudi, binti yangu alisema ndani ya gari, "Nyanya akija raha inakwisha. Anatutazama kama tunakula najisi." Nyanya yake alikuwa amekaa mbele, na alisikia. Hakujibu. Usiku akaniita chumbani akaniambia, "Nirudisheni kwangu, nisiwe kizuizi kwa watoto." Niliondoka nikaenda kulia jikoni.

Sasa shule zinakaribia kufungwa. Babake alimwahidi kwamba akipandisha alama atachagua pa kwenda kula, na alama amezipandisha. Amechagua palepale, na ameomba twende sisi watano tu. Mume wangu anasema, "Mwache mama apumzike, mwenyewe hapendi kutoka." Mimi moyo hautulii. Nikimwacha, nitakuwa nimemtenga mwanamke aliyenipokea kama bintiye. Nikimchukua, nimevunja ahadi ya mtoto. Nikisema chakula cha Kikorea basi, nyumba nzima itanuna, na hata mavyaa hatafurahi kujua kwamba ni kwa ajili yake. Nifanye nini?

Mkazamwana, South C

JIBU

Waaleikum salaam warahmatullah, dadangu.

Unataka kumtimizia mtoto ahadi na unataka kumhifadhia heshima mama wa mumeo. Mambo haya mawili yamekutana kwenye meza moja, siku moja, na wewe ndiye uliyeachiwa kuamua. Ukiniuliza ni nani nimpe haki, sitaweza kukujibu. Lakini barua yako ina mambo kadhaa ambayo nadhani yamepitwa haraka, na ningependa tuyarudie pamoja.

Nianze na kikaango, kwa sababu mavyaa naye alianzia hapo. Aliuliza swali, na swali lile mpaka leo halina jibu. "Hakuna shida" haikumwambia kama kikaango ni kimoja, wala kisu, wala mafuta. Kwa mwanamke aliyeishi umri wake wote akijua kila kilichoingia chunguni mwake, kukaa na mahamri yake huenda kulikuwa njia ya adabu kuliko zote alizokuwa nazo: hakuwakataza, hakuwahubiria mbele ya watu, alijizuia yeye tu. Binti yako aliona hukumu. Mimi nimesoma barua yako nikaona mtu anayengoja kujibiwa.

Na swali lenyewe ni la haki, hata kwa ninyi mnaoagiza mboga tu. Kimchi ni kabichi iliyotiwa chumvi ikachachushwa na pilipili, saumu na tangawizi, na mara nyingi hutiwa uduvi au samaki waliokaa katika chumvi. Vya bahari kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi havina neno. Ile pilipili nzito ya bibimbap, wanayoiita gochujang, hutengenezwa kwa pilipili, mchele wa kunata na soya iliyochachushwa, lakini baadhi ya zile za viwandani huongezewa alkoholi ili zisiharibike, na kwenye kopo imeandikwa. Kimbap nayo mara nyingi huwekwa ukanda wa nyama ya ham katikati, na ham kwa kawaida ni nguruwe. Mimi si mufti na sitaki kukutia wasiwasi kwa mlivyokwisha kula. Hukumu yake muulizeni sheikh mnayemwamini. Ninachosema ni kwamba kuna mambo ya kuuliza, na nyumbani mwako yumo mtu anayeweza kuyauliza kuliko nyote. Binti yako anasoma Kikorea. Anaweza kwenda siku ya wiki, wakati hakuna foleni, akaomba aoneshwe kopo na pakiti, akauliza kuhusu vikaango bila haraka, kisha akarudi kwa nyanya yake na jibu kamili.

Ukimtuma, jiandae kwa jibu lolote. Huenda akaambiwa kikaango ni kimoja. Hapo halitakuwa tena suala la mavyaa. Litakuwa lenu nyote watano, na itabidi mjue mtasema nini kwa watoto. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya siku ya sherehe kuliko siku yenyewe.

Lakini dadangu, ile biriani ndiyo iliyonifanya nisimame. Ilitoka kwa Waislamu, haikuwa na shaka yoyote, na bado aliifunika. Kwa hiyo ningekuomba usiweke mzigo wote juu ya nguruwe wa kwenye ubao.

Fikiria ukumbi ule unavyokwenda. Kila kaunta ina namba zake. Wa bibimbap anaitwa kwanza, anaanza kula kabla haijapoa. Wa tteokbokki anaitwa baadaye. Mmoja yuko kwenye foleni ya juisi, baba anaangalia ujumbe wa M-Pesa kama malipo yamepita, na biriani inafika watoto wameshafikia nusu ya sahani. Hakuna wakati hata mmoja ambao nyote sita mmekaa, chakula kiko mbele yenu, na mtu akasema bismillahi. Mavyaa ametoka nyumba ambayo sinia haliguswi mpaka wote wamezunguka. Katika meza yenu ya ukumbini hana nafasi ya kupakua, hana nafasi ya kupakuliwa, na hakuna anayemngoja. Angepewa hata wali wa nazi na samaki wa kupaka pale, sina hakika kama ungepita kooni.

Na amefiwa, dadangu. Umeligusa jambo hilo kwa sentensi mbili ukaendelea, labda kwa kuwa eda imekwisha na watu wanaona kwamba na msiba umekwisha. Sijui ni miaka mingapi alikula na mume wake. Sijui pia jikoni kwako siku hizi anapika nani. Kama ni wewe au msaidizi, na yeye kazi yake ni kuitwa chakula kikiwa tayari, basi amepoteza mume na amepoteza jiko, halafu anapelekwa mahali pa kuwatazama wengine wakifurahi. Simaanishi kwamba mmemkosea. Mmemchukua kwa mapenzi. Ila hamu ya chakula ni kitu cha kwanza kinachomkimbia mjane, na hairudi kwa kubembelezwa mbele ya watu.

Sasa tumtazame binti yako. Maneno yale ndani ya gari yalikuwa makali, na ni sawa ukimwambia hivyo mkiwa wawili. Lakini katika nyumba yenye baba mwenye kazi na mama mwenye shughuli, huyu mtoto alipata kitu chake mwenyewe, akakijifunza, na kwa saa moja kila mwezi yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wenu. Nyanya yake anapofungua mahamri mbele ya sahani aliyoagiza yeye, hapati fununu kwamba ni suala la halali. Anaona kuwa alichokipenda kimekataliwa. Na usisahau kwamba naye amefiwa na babu. Katika barua nzima sikuona mahali ambapo mtu amemuuliza habari hiyo.

Nimeusoma tena na tena ule mstari wa mwani. "Huu si mwani? Sisi tulikuwa tukiukanyaga pwani." Kwangu mimi ndio mstari wenye matumaini kuliko yote uliyoniandikia. Ni wakati pekee alipouliza kuhusu chakula kwa kutaka kujua, akaleta na kitu kutoka utotoni mwake, na aliyemjibu ni mjukuu huyohuyo. Namba ikaitwa, basi. Wangepata dakika kumi zaidi, sijui mazungumzo yangefika wapi. Mtoto angeweza kumwambia kwamba Wakorea huukausha mwani ukawa mwembamba kama karatasi; nyanya angeweza kumwambia kwamba siku hizi wanawake wa Kibuyuni, kule Kwale, wanaulima na kuuza. Wana la kuongea hawa wawili.

Kuna jambo jingine ambalo binti yako pengine analijua kuliko sisi, kwa kuwa lipo katika tamthilia anazozitazama. Kwenye meza ya Kikorea mdogo hainui kijiko kabla ya mkubwa. Kitu kinachotoka kwa mzee hupokelewa kwa mikono miwili. Vitoweo vidogo vidogo huwekwa katikati, kila mtu akachota humo. Na ile kimchi mnayoletewa kwenye kibakuli ina kazi ya mwaka mzima nyuma yake: majira ya kuchipua watu hutia uduvi na dagaa kwenye chumvi, kiangazi hununua chumvi ya bahari, baadaye hukausha pilipili na kuisaga, kisha baridi ikikaribia ndugu na majirani hukusanyika kuitengeneza kwa wingi, ipite nao kipindi chote cha baridi. Desturi hiyo, kimjang, iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na katika maelezo yake imetajwa kwamba namna ya kila nyumba kwa kawaida hurithishwa na mavyaa kwa mkazamwana. Nilipokumbuka hilo niliwafikiria ninyi wawili.

Hata hivyo nakusihi usilifanye hilo fimbo. Ukimwambia mtoto "mbona Wakorea wenyewe huwaheshimu wazee wao", umemnyang'anya kitu chake ukampigia nacho. Akiligundua mwenyewe, au babake akimuuliza tu kwa kutaka kujua, "Kwao nani huanza kula?", litamwingia vingine.

Turudi kwenye siku yenyewe. Kwenda ninyi watano si dhambi. Mtoto aliahidiwa, akafanya kazi, na mzee halazimiki kuchukuliwa kila mahali. Ninachoogopa ni namna mtakavyomwacha. Ameshasikia aliyoyasikia ndani ya gari, ameshasema "nirudisheni". Mkitoka kimyakimya huku mmoja wenu akisema "pumzika mama", atachukua kwamba ndilo jibu lake. Angeambiwa mapema, na mwanawe, kwamba hii ni zawadi ya mtoto kwa ajili ya masomo, huenda angekuwa wa kwanza kusema nendeni. Huenda pia akaumia. Na kauli ya mumeo kwamba "hapendi kutoka" ni dhana mpaka mwenyewe aulizwe. Ni mume wako huyohuyo anayemshikilia aje kila mwezi.

Kwenda naye kunawezekana pia, ikiwa mtabadilisha mwendo: mumtafutie kiti kizuri kabla ya yote, muagize mahali pamoja mahali mlipohakikisha, baba aende kuleta trei zote, na hakuna anayegusa mpaka vyote viwe mezani. Hata hivyo binti ataona sherehe yake imegeuka kuwa ya nyanya, na ahadi iliyovunjwa katika umri huo hukaa moyoni. Kwa hiyo ukichagua njia hii, aombwe yeye, na awe na ruhusa ya kweli ya kukataa.

Wengine wangekwambia ufanye yote mawili: sherehe ukumbini kwa watano, na siku nyingine chakula nyumbani kwa sita. Kimbap haina ugumu wa kutisha. Mwani wa karatasi hupatikana kwenye supamaketi kubwa za hapa Nairobi, na ndani unatia yai, karoti, tango na samaki wa kopo, vitu ambavyo mavyaa anavijua na jikoni amevishika mwenyewe. Wali hupikwa ukashikana, na sioni ni nani katika nyumba hiyo anayejua wali kumshinda yeye. Naipenda njia hii, nakiri, lakini ina mitego. Mmoja ni kwamba kazi yote itakuangukia wewe. Mwingine ni kwamba mtoto atahisi mapenzi yake yamefanywa dawa ya ugomvi wa wakubwa. Na mavyaa akikaribishwa kuonja huku nyuso zote zinamtazama atasema nini, atakubali kwa aibu. Ukijaribu, mkaribishe jikoni kwa kazi, na kuonja asionje mpaka atake mwenyewe.

Kuacha kabisa chakula cha Kikorea umekwisha kujijibu, na nadhani umeona vizuri.

Limebaki neno moja ambalo huenda ni zito kuliko suala lote la chakula. "Nirudisheni kwangu." Wengi wetu, mzee akisema hivyo, hukimbilia kumjibu "Usiseme hivyo, mama," kisha tukafunga mlango wa mazungumzo. Inawezekana alisema kwa uchungu wa siku ile. Inawezekana vilevile kwamba anamaanisha. Kibokoni kuna majirani waliomjua kabla nywele hazijageuka nyeupe, msikiti ambao adhana yake anaijua, baraza ambalo watu hupita wakamsalimu kwa jina. South C ina mapenzi ya mwanawe, lakini haina hayo. Asipoulizwa, hatujui. Na muulizaji hapa, dadangu, si wewe. Unabeba mazungumzo ya mama na mwana, na mume wako ameweza kukaa pembeni kwa kuwa wewe umesimama katikati. Huyu naye amezika baba. Pengine kila mwezi anamchukua mamake ukumbini kwa sababu hajui njia nyingine ya kukaa naye. Mwambie aanze bila kutaja chakula, bila watoto, labda baada ya alasiri mavyaa akiwa amemaliza nyiradi zake, na amuulize anaishije hapa Nairobi, kisha asikilize mpaka mwisho hata kama jibu litamuuma.

Sherehe ya binti itakuja kwanza kwa kuwa shule zinafungwa. La Kibokoni linaweza kungoja kidogo, lakini mumeo asilisogeze mbele kila wiki. Wewe kwa sasa unaweza kumwita mtoto mkae wawili, umuulize kuhusu babu yake.